Kimya cha Rubani: Mjadala wa Barazani

MWENYEKITI: Hoja iliyoletwa mbele ya baraza hili yasema ya kwamba vita, wala si tabia za watu, ndivyo vilivyovunja nyumba za askari wa anga wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Huenda mtu akauliza kwa nini sisi, watu wa pwani hii, tukae kitako kuzungumza unyumba wa watu wa Lincolnshire na Yorkshire huko Uingereza, ambao wengi wao wamekwisha kuwa udongo. Jawabu langu ni kwamba watu hao walipita kwetu. Katika mwaka 1943 ndege zao za Catalina, zitokazo majini na kutua majini, zilikuwa zikiruka kutoka Kipevu, Mombasa, na baadaye kutoka Dar es Salaam, kuzisaka nyambizi za Kijerumani katika Bahari ya Hindi. Na hospitali kuu ya Dar es Salaam, tuiitayo leo Muhimbili, hapo zamani ilipewa jina la Princess Margaret, ambaye habari za mapenzi yake na rubani mmoja zilijaza magazeti ya dunia nzima. Basi jambo hili lina njia ya kufika mlangoni petu. Namwomba Mwalimu aifungue hoja, na Sheikh, aliyekuwa kadhi wetu kwa miaka mingi, aijibu. Kisha Bibi na Wakili watatia yao.

MWALIMU: Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru. Askari wa nchi kavu huaga nyumbani akaenda mbali, na mkewe akajua ya kuwa mumewe yuko vitani. Baharia kadhalika hutoweka kwa miezi, na nyumba yake ikajifunza kungoja. Rubani wa ndege za mabomu alipewa mtihani wa namna nyingine, maana yeye hakuondoka nyumbani wala hakubaki. Kambi yake ilizungukwa na mashamba, na karibu yake palikuwa na kanisa, kilabu cha pombe na kituo cha basi. Jioni aliandaliwa yai la kukaanga, chakula cha anasa katika siku ambazo raia alipimiwa yai moja kwa juma, na yai hilo halikumfurahisha mtu yeyote kwa ukamilifu, kwa kuwa lilikuwa ndiyo ishara ya kwamba usiku huo kuna safari. Baada ya kula, yeye na wenziwe sita walipanda Lancaster, wakavuka bahari mpaka Essen au Berlin, wakamulikwa kwa taa na kupigwa mizinga gizani. Na kabla ya adhuhuri ya siku ya pili, ikiwa Mungu amewarudisha, walikuwa wamelala vitandani mwao, na jioni yake kijana yule yule akavaa sare safi, akapanda basi kwenda mjini kucheza dansi na mchumba wake, ambaye hakuruhusiwa kumwambia alikotoka wala aendako.

Sasa pimeni mzigo huo kwa hesabu. Waliohudumu ndani ya ndege za Bomber Command, yaani kamandi ya ndege za mabomu, walikuwa watu wapatao 125,000, na katika hao waliouawa ni 55,573. Zamu ya kwanza ilikuwa safari 30. Aliyeimaliza alipumzishwa, kisha akaweza kuitwa tena kwa safari 20 nyingine. Kijana wa miaka 22 aliyejua hesabu hizo, na wote walizijua ingawa hawakuzitamka, alimpaje mwanamke ahadi ya miaka arubaini?

Tazameni mfano wa Guy Gibson, aliyekuwa fahari ya jeshi lile. Mnamo Novemba 1940 alimwoa Eve Moore, mcheza dansi na mwigizaji aliyemzidi umri kwa miaka kadhaa. Usiku wa tarehe 16 Mei 1943, akiwa na miaka 24, aliiongoza Skwadroni ya 617 kutoka kambi ya Scampton kwenda kuyavunja mabwawa ya Möhne na Eder huko Ujerumani. Ndege 19 zilikwenda na 8 hazikurudi; watu 53 walikufa na 3 walitekwa, na asubuhi, ilhali wenziwe wakilewa kwa furaha na kwa huzuni iliyochanganyika nayo, ofisi ya Gibson ilikuwa na kazi ya kuwaandikia jamaa za watu 56. Nishani ya Victoria Cross aliyopewa ilitaja safari zaidi ya 170. Na mkewe? Mkewe alikuwa London, mbali na siri zote hizo, akawa mke wa shujaa ambaye taifa zima lilimjua kuliko yeye. Waandishi wa sira ya Gibson wanasimulia kwamba faraja yake aliipata kwa muuguzi mmoja wa jeshi, aliyefahamiana naye hospitalini, mtu aliyeweza kuketi naye mikono ikimtetemeka pasipo kumhoji. Tarehe 19 Septemba 1944, ndege yake ilianguka Steenbergen, Uholanzi, naye akafa na miaka 26, ndoa ikiwa imebaki jina. Nasema ya kwamba hapa pana mtuhumiwa mmoja tu, naye ni vita.

KADHI: Mheshimiwa Mwenyekiti, Mwalimu amesema kwa ufasaha, na mimi sina nia ya kuyapunguza machungu ya watu wale. Lakini katika miaka niliyokaa kwenye kiti cha hukumu nimejifunza kwamba kila mwenye talaka huja na mtuhumiwa wake mkononi: huyu ameleta umaskini, yule ameleta safari, wa tatu ameleta mama mkwe, na aghalabu ukichimba utaona kwamba mtuhumiwa huyo aliingia kwa mlango ulioachwa wazi tangu siku ya nikahi.

Vita vile vilileta pupa ya kuoana. Katika mwaka 1940 Uingereza na Wales zilihesabu ndoa karibu 470,000, idadi ambayo haikuwa imeonekana kabla. Watu waliposa Jumatatu wakaoana Jumamosi, kwa kuwa likizo ilikuwa ya siku chache na kesho haikuwa na mdhamini. Peter Townsend, mmoja wa marubani waliopambana katika anga ya Uingereza mwaka ule wa 1940, alioa mwaka 1941 baada ya kujuana na mwenzake kwa muda mfupi. Wakazaa watoto wawili wa kiume, na mwaka 1952 wakatengana mbele ya sheria. Leonard Cheshire, rubani mwingine wa nishani ya Victoria Cross, naye alioa mwaka 1941, huko Marekani, akamchukua Constance Binney, nyota wa filamu zisizo na sauti aliyemzidi kwa zaidi ya miaka 20, na ndoa hiyo haikuchukua muda ikafifia, ingawa haikuvunjwa kisheria mpaka mwaka 1951. Je, tuseme mabomu ndiyo yaliyowavunjia nyumba, au tuseme harara ya ujana ilijenga juu ya mchanga?

Na kinyume chake upo. Douglas Bader alikatwa miguu yote miwili baada ya ajali ya ndege mwaka 1931, akamwoa Thelma mwaka 1933 akiwa kiwete, akarudi kuruka kwa miguu ya bandia, akatekwa na Wajerumani Agosti 1941, akafungwa mpaka 1945. Na bibi yule alikaa naye hadi alipofariki mwaka 1971. Vita ni vile vile, ndege ni zile zile, anga ni ile ile. Kilichozidi ni uthabiti.

Tena tuogope kuvisingizia vita kila kitu. Roald Dahl, mwandishi wa vitabu vya watoto, alikuwa karani wa kampuni ya mafuta Dar es Salaam, akijifunza Kiswahili, vita vilipotangazwa mwaka 1939. Akaendesha gari mpaka Nairobi, akajiandikisha kuwa rubani, na kwa maelezo yake mwenyewe, katika vijana 16 waliofunzwa pamoja, 13 walikuwa wameuawa angani ndani ya miaka miwili. Yeye alianguka na ndege katika jangwa la magharibi ya Misri mwaka 1940, akapona kwa taabu. Ndoa yake na Patricia Neal, mwigizaji wa Marekani, ilianza 1953 ikaisha 1983, baada ya kufiwa na mtoto kwa surua na baada ya mke kupatwa na kiharusi. Talaka hiyo tuiandike katika daftari la vita? Nadhani Mwalimu mwenyewe hatathubutu.

MWENYEKITI: Bibi, naona umetikisa kichwa mara mbili.

BIBI: Mara tatu, Mwenyekiti, ya tatu hukuiona. Sheikh, kwa heshima zako zote, na wewe Mwalimu vile vile: nyote wawili mmezungumza mpaka sasa kama kwamba ndoa ni ya mtu mmoja mwenye mbawa kifuani. Mimi nimekuwa muuguzi na mkunga maisha yangu yote, na katika kazi hiyo mtu hujifunza kuuliza mwanamke alikuwa wapi.

Jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na tawi la wanawake, na mwaka 1943 walifika wapatao 180,000. Hao ndio waliokunja miavuli ya kujiokolea, waliosikiliza sauti za marubani redioni, waliowapokea alfajiri na kuwauliza wameona nini. Katika chumba cha shughuli palikuwa na ubao mkubwa ukutani, wenye safu ya ndege, safu ya jina la rubani, safu ya saa ya kuruka na safu ya saa ya kutua. Msichana wa miaka 19 au 20 alisimama na chaki, akaandika kila saa ya kutua iliposomwa. Na safu moja ikibaki tupu, na jina lililo kando ya safu hiyo likawa ni la mchumba wake, aliendelea kuandika za wengine mpaka zamu yake iishe. Tena msichana huyo akifiwa na mchumba mmoja, kisha akafiwa na wa pili, vijana walianza kumkwepa, wakinong'ona kwamba ana nuksi, na kwamba atakayetoka naye hatarudi. Watu waliosoma hesabu na elimu ya nyota, waliojua vizuri kwamba mizinga ya Essen haikuuliza mtu ana mchumba gani, walimtwika binti mzigo wa kifo. Hiyo ni tabia au ni vita, Sheikh?

Na sasa nitaeleza jambo ambalo ndilo lililonitoa nyumbani jioni hii. Ndege isiporudi, kila kambi ilikuwa na kamati ya kushughulikia mali za waliopotea. Asubuhi ile ile maofisa walikuja na kufungua kabati la kijana, wakaandika kila kitu: shati, wembe, picha, fimbo ya kuchezea, baiskeli. Madeni yake yakalipwa. Kisha wakasoma barua zake. Barua ya mama ikawekwa upande huu. Barua ya mke ikawekwa upande huu. Na barua ya mwanamke mwingine, au picha isiyofaa, au kitu chochote cha kumtia mjane simanzi juu ya simanzi, kikatolewa kikaharibiwa. Vilivyobaki vikapelekwa ghala kuu la jeshi, Colnbrook, na kutoka huko nyumbani. Kabla ya magharibi kitanda kilikuwa na shuka mpya, na mara nyingi na mtu mpya. Mjane akaletewa mume aliyefuliwa na kupigwa pasi.

WAKILI: Nami namwomba Mwenyekiti ruhusa niingilie hapo hapo, maana Bibi amegusa kiini ambacho hoja ya Mwalimu na jawabu la Sheikh vimekizunguka bila kukitia mkono. Sheikh asema ni tabia. Mwalimu asema ni vita. Mimi nasema kati ya vita na nyumba palisimama kitu cha tatu, nacho ni kimya kilichoamriwa.

Askari wa ndege za Uingereza wote walikuwa wa kujitolea: hapana aliyelazimishwa kuruka. Lakini aliyekwisha kujitolea, akafika mahali ambapo mwili wake ulikataa kupanda ngazi ya ndege, na daktari asione jeraha, alikuwa na hukumu yake. Tangu mwaka 1940 Wizara ya Anga iliweka utaratibu wa kumwandika mtu wa namna hiyo kuwa amepungukiwa na uthabiti wa moyo. Alinyang'anywa beji ya mbawa, akaondolewa kambini haraka kabla hajawaambukiza wenziwe, na aibu hiyo ikamfuata katika makaratasi yake. Angalieni basi jinsi mtego ulivyotegwa. Kijana anaota moto usiku; anatapika kabla ya safari; mikono inatetemeka kama ya Gibson. Amwambie nani? Akimwambia daktari, huenda akaandikwa mwoga. Akiwaambia wenziwe, anaisaliti ada ya bwalo la maofisa, ambako aliyekufa jana hatajwi leo. Akimwambia mke, anavunja siri ya serikali, na zaidi ya hayo anamwondolea usingizi mtu ambaye hawezi kumsaidia. Basi hunyamaza mara tatu, na kimya cha mara tatu, miaka mitatu au minne mfululizo, hakiwi tena tendo la mtu. Huwa ndiyo sura yake. Siri ya mtungi aijuaye kata, wasema wazee, lakini kata hiyo ilikatazwa kuchota.

Matokeo yake yamo katika daftari za mahakama. Sheria ya mwaka 1937 iliongeza sababu za talaka Uingereza: pamoja na zinaa, sasa mtu aliweza kudai kwa kutoroka, kwa ukatili, au kwa wazimu usioponyeka. Majeshi yenyewe yakafungua ofisi za kuwasaidia askari wasio na uwezo kupeleka kesi. Mwaka 1938 talaka za Uingereza na Wales zilikuwa karibu 6,000. Mwaka 1947 zilipita 60,000. Sisemi zote ni za marubani, wala sisemi sheria haikufungua mlango uliokuwa umefungwa. Nasema kwamba watu waliooana mwaka 1940 kwa pupa, kama alivyosema Sheikh, walikutana mwaka 1945 kwa mara ya kwanza, na wakakuta kwamba mmoja wao hajui kusema.

KADHI: Mwanangu, umenena vema, na sasa umenileta mahali ambapo lazima nisimame imara. Wewe na Bibi mnaipinga sitara. Sisi tuliolelewa katika pwani hii tumefundishwa kwamba mwenye kumsitiri ndugu yake, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Wale maofisa waliochoma barua za mwanamke wa pili, mimi siwezi kuwahukumu kuwa ni waongo. Maiti amekwisha kwenda. Hawezi kutubu, hawezi kujitetea, hawezi kurudi akamwambia mkewe kwamba ile ilikuwa ni dansi ya usiku mmoja. Mjane ana mtoto mapajani na nguo nyeusi mwilini. Ni haki gani ya ukweli itakayotimizwa kwa kumtupia karatasi ile? Nami nimewahi kuzifungia barua za namna hiyo, katika mirathi, na kuamuru zisisomwe, na mpaka leo moyo wangu haunisuti.

Ama kuhusu siri za safari, jeshi gani duniani halina siri? Kijana angetaja jina la mji mmoja kwa mchumba wake katika simu, watu saba wangeweza kufa katika kila ndege.

Hata katika jambo la mke wa aliyepotea, ambalo ndilo zito kuliko yote, Waingereza hawakukosa insafu. Imamu Malik alikadiria mke wa mtu asiyejulikana yu hai au amekufa angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi. Wao, baada ya takriban miezi sita pasipo habari, walimhesabu aliyepotea kuwa amekufa, mke akapata haki zake. Ni haraka kwa kipimo chetu. Lakini ni utaratibu, na utaratibu ni rehema.

BIBI: Utaratibu ni rehema kwa ofisi, Sheikh. Kaburi ni rehema kwa mjane. Pale Runnymede, juu ya kilima kitazamacho mto Thames, pana ukumbusho uliofunguliwa mwaka 1953, wenye majina zaidi ya 20,000 ya askari wa anga wasio na kaburi linalojulikana. Katika hayo, wangapi wana mke aliyeolewa tena, akamzalia mume wa pili, na kila gari lisimamapo nje ya nyumba akatazama dirishani? Mume wa pili naye alioa nusu ya mtu, wala hakuambiwa nusu nyingine iko wapi.

Nami siipingi sitara. Nimezalisha mabinti ambao siri zao nitazikwa nazo. Lakini nauliza: barua zile zilipochomwa, nani aliyesitiriwa? Mjane, wasema wewe. Huenda. Na yule mwanamke wa pili, ambaye labda alikuwa msichana wa chaki, aliyepoteza mtu wake kama mjane alivyompoteza, na ambaye hakuna simu ya maandishi iliyopelekwa kwake, wala barua ya rambirambi, wala fungu la mali? Kama alikuwa na mimba, sare alivuliwa, akarudishwa kwao. Huyo hakusitiriwa, huyo alifutwa. Na jeshi, ambalo halikupenda watu wajue mashujaa wake waliishi namna gani, likabaki na sifa safi. Mficha maradhi, Sheikh, kifo humuumbua. Lakini hapa maradhi yalifichwa na mganga.

MWALIMU: Nami nitaongeza, ingawa inaidhoofisha hoja yangu mwenyewe, kwamba vijana hao walibeba siri nyingine iliyo kubwa kuliko ya mapenzi. Bwawa la Möhne lilipopasuka, watu zaidi ya elfu moja walikufa bondeni, na wengi wao walikuwa wanawake wa Umoja wa Kisovyeti waliochukuliwa na Wajerumani kwa nguvu wafanye kazi, wakafungiwa kambini chini ya bwawa. Julai 1943 mji wa Hamburg ukaungua, watu makumi ya maelfu wakafa kwa siku chache. Rubani aliyerudi akakaa mezani na mkewe hakuwa na hofu ya kufa peke yake. Alikuwa pia na jambo alilotenda, ambalo taifa lililisifu mchana na kulinyamazia baada ya ushindi. Sijui ni mke gani angeweza kuubeba mzigo huo. Lakini najua kwamba wengi hawakupewa hata nafasi ya kukataa.

WAKILI: Basi niruhusiwe kutoa ushahidi wa mahali ambapo kimya kilivunjwa. Katika mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa London, daktari wa upasuaji kutoka New Zealand, Archibald McIndoe, alipokea marubani waliounguzwa nyuso na mikono. Alikataa wavae mavazi ya wagonjwa. Akawaacha na sare zao. Akaruhusu pombe wodini. Akawaendea watu wa mjini akawaomba wawakaribishe majumbani na madukani, na wawatazame machoni bila kugeuza uso. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe walianzisha chama chao, wakakipa jina la mzaha, wakijifananisha na wanyama wa majaribio ya madaktari, na vita vilipokwisha chama kilikuwa na wanachama 649. Wako walioachwa na wachumba zao; lakini wako wengi waliooa, na baadhi yao waliwaoa wauguzi waliowaona siku ya kwanza bila kope wala midomo. Mtu huyo huyo, McIndoe, alipenda milima yetu, akapata shamba karibu na Kilimanjaro, na mwaka 1957 yeye na madaktari wenziwe, Michael Wood na Tom Rees, wakaasisi huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo ni AMREF. Hivyo elimu iliyozaliwa katika nyuso zilizoungua imefika mpaka zahanati zetu za porini.

KADHI: Hapo nitakuuliza kama hakimu amuulizavyo shahidi. McIndoe mwenyewe, huyo mwenye kuziponya nyoyo za vijana, ndoa yake ya kwanza ilikuwaje?

WAKILI: Ilivunjwa mwaka 1953, Sheikh.

KADHI: Basi!

BIBI: Mganga hajigangi, Sheikh, na wewe walijua hilo kabla sijazaliwa. Hatukusema kwamba mwenye kusema hatatengana na mkewe. Twasema kwamba wale vijana walioungua hawakuweza kuyaficha yaliyowapata, kwa kuwa yalikuwa usoni. Na kwa ajili hiyo mji mzima ulilazimika kujifunza namna ya kukaa nao. Aliyeungua ndani hakupata mji.

KADHI: Bi. Mkubwa, neno hilo limenifika, nami sioni haya kulipokea. Nitasema ninavyoona sasa, na baraza lipime. Sitara imewekwa kwa ajili ya aibu: mtu ametenda kosa, ametubu au amekufa, nasi twalifunika ili asidhihakiwe. Kwa kipimo hicho, zinaa ya marehemu nitaisitiri, na barua yake nitaichoma tena kesho. Lakini hofu si kosa. Mkono unaotetemeka baada ya safari ya ishirini si dhambi. Ndoto ya moto si fedheha. Na mateso ambayo mtu hakuyatenda bali yalimpata hayana aibu ya kufunikwa. Jeshi lile liliyachukua mambo mawili, aibu na mateso, likayatia katika sanduku moja, likafunga kufuli moja, na mke aliyebisha hodi akaambiwa ndani hamna kitu. Hapo ndipo walipodhulumu. Ama yule mwanamke wa pili, yeye nitamwachia Bibi, kwa kuwa mimi sikuwahi kumfikiria.

MWALIMU: Nami sitaiondoa hoja yangu yote. Bila vita, hapangekuwa na mtetemeko wa kufichwa. Townsend, ambaye ndiye yule rubani aliyetajwa na Mwenyekiti, alipoachana na mkewe, ingawa sheria ilimwona yeye ndiye aliyekosewa, Kanisa la Uingereza halikukubali ndoa mpya ya mtu ambaye mke wake wa kwanza yu hai, na tarehe 31 Oktoba 1955 Princess Margaret akatangaza kwamba hataolewa naye. Mwaka uliofuata akazuru pwani yetu, watu wakampungia mikono. Ndoa moja ya mwaka wa vita iliendelea kutoza kodi miaka 14 baadaye, kwa mtu ambaye siku ile ya arusi alikuwa mtoto wa miaka 10. Deni la namna hiyo nani aliliandika, kama si vita?

MWENYEKITI: Mabibi na mabwana, imenipasa kufunga. Hoja kama ilivyoletwa haiwezi kupita, kwa kuwa Bader na wengine kama yeye wanaikanusha. Na pingamizi la Sheikh haliwezi kupita, kwa kuwa yeye mwenyewe amelipunguza. Nasoma hoja iliyorekebishwa: ya kwamba vita vilizitikisa nyumba za askari wale, pupa ikazipunguzia misingi, na amri ya kunyamazia mateso kana kwamba ni aibu ndiyo iliyoziangusha nyingi ambazo zingeweza kusimama. Waliokubali ni wengi. Mwalimu amekataa, na kukataa kwake kutaandikwa.

Neno langu la mwisho ni la kazi, wala si la hekima. Katika miaka yetu hii askari wa Kenya wamerudi kutoka Somalia na askari wa Tanzania wamerudi kutoka mashariki ya Kongo, nao wana wake na waume na watoto katika mitaa hii hii. Tukiwalaki kwa ngoma, kisha tukamwambia mke asiulize na tukamwambia mume ajikaze, tutakuwa tumeandika upya kanuni ya mwaka 1940 kwa mkono wetu wenyewe, pasipo wizara yoyote kutuamuru. Bibi amejitolea kuanzisha kikao cha wake wa askari kila Jumatano alasiri katika ukumbi huu, na Sheikh atawapokea wanaume peke yao baada ya sala ya Isha. Atakayenyamaza na anyamaze kwa hiari yake. Baraza limefungwa.